Ua Lililohamia Kisarawe

Kuna mmea ambao ukikosa maji hulegea, na ukizidishiwa maji hulegea vilevile. Majani yanainama yote kwa pamoja mpaka kwenye kingo za chungu, na wewe uliyesimama na kopo mkononi huwezi kujua kama unaombwa maji au unaombwa uache. Wauza maua wa kando ya barabara huku kwetu Kibaha wanauita pisilili. Majani yake ni ya kijani kizito, na ua lake ni jeupe, limesimama wima peke yake kama kipande cha bafta kilichopigwa pasi. Mimi ni fundi cherehani, nisameheni, kila kitu nakipimia kwenye kitambaa. Na bafta, hiyo hiyo ya sanda, kwa mtu aliyefiwa, si kitambaa cha kutaja bila moyo kushtuka.

Ua lilikuwa la mume wangu. Mimi si mtu wa maua na sijawahi kujifanya kuwa hivyo. Yeye alikuwa fundi wa viyoyozi, anatoka kwetu mtaa wa Picha ya Ndege alfajiri kwenda Dar na kurudi jioni na begi lake la vifaa. Siku moja alikuta mmea umetolewa nje ya ofisi fulani, umewekwa karibu na pipa la taka kwa sababu ulikaa chini ya kiyoyozi mpaka ncha za majani zikaungua. Akautia kwenye gunia, akaja nao nyumbani. Nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, nikamwona anafungua gunia kwa uangalifu kama vile ndani mna mayai.

"Wenzako wanarudi na samaki," nikamwambia, "wewe unaniletea majani yasiyoliwa?"

"Huyu ni mgonjwa, mke wangu. Mgonjwa hafukuzwi."

Hatukujaliwa mtoto. Nalisema hapa mapema kwa sababu yote yanayofuata yamesimama juu ya hilo. Tulihangaika hospitali, tulihangaika kwa watu wa dawa za miti, tuliomba, na mwisho tukaacha kuulizana. Yule mgonjwa wa kwenye gunia akapewa kona ya sebule, kando ya dirisha linalotazama kwa jirani, nikalishonea dirisha pazia jepesi ili mwanga upite bila jua kuchoma. Mume wangu alikuwa akiingia, kabla hajavua viatu, analiuliza ua hali. Nilikuwa namcheka. Nilikuwa namwambia ataoa hilo ua.

Kulihamisha kwenye chungu kingine ilikuwa kazi yake, na hakuruhusu mtu aiguse. Hakufuata mwaka wala mwezi, alilifuata ua lenyewe. Mvua za masika zikianza kupungua na joto likishalegea, analibeba nje, analilaza ubavu na kuchungulia chini ya chungu. Kama hakuna kitu, analirudisha. "Bado viatu vinamtosha," anasema. Lakini kama mizizi imeanza kutoka kwenye tundu la chini, au kama ukimwagia maji yanapita moja kwa moja bila kukaa, au kama limemwagiliwa jana na leo limeshalegea, basi huo ndio wakati. "Viatu vimembana," anasema, na mimi najua Jumapili hiyo baraza yangu itajaa udongo.

Chungu chenyewe alikinunua kwa akina mama wafinyanzi, kikiwa hakina tundu, akakitoboa kwa keekee yake ya kazini, taratibu, huku akikinyunyizia maji kisipasuke. Udongo aliuchanganya mwenyewe: udongo mweusi, mchanga kidogo, na makumbi ya nazi aliyoyapasua mpaka yakawa kama nyuzi, ili mizizi ipate hewa. Alilimwagilia ua siku moja kabla. Siku ya pili analigeuza, anagonga chungu kwa kiganja, linatoka lote na udongo wake. Mizizi iliyojizungusha aliilegeza kwa vidole. Chungu kipya kilizidi cha zamani kwa upana wa vidole viwili tu, kwa sababu, alivyosema, udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji na maji yanaoza. Halafu alilishindilia kwa vidole, si kwa ngumi, akihakikisha shina halizami zaidi ya lilivyokuwa. Maji mpaka yatoke chini. Kivulini. Na kwa siku chache lilikuwa linalegea lote kama limekufa, nami naanza kusema, "Umeliua." Siku yoyote asubuhi unaamka unalikuta limesimama.

Nilikuwa nayaona haya yote kwa pembe ya jicho, huku nashona. Hakuna siku aliyonifundisha.

Alianguka kazini. Presha, walisema. Aliondoka nyumbani akiwa mzima, ameniachia chai kwenye chupa, na jioni waliorudi walikuwa watu wengine. Walimzika kwao Kisarawe, kwenye makaburi ya familia nyuma ya nyumba ya mama yake, na mimi sikuwepo kaburini. Nilikaa ndani na wanawake, kichwa kimefunikwa, nikisikia magari yanaondoka. Siku ile ile shangazi yake mmoja, aliyekuwa anapakua wali huku machozi yanamtoka, akasema bila kuniona: "Hakuacha hata wa kumtazama ukasema huyu hapa." Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana niliumia zaidi, kwa sababu sikuwa na wa kumgombeza.

Nilirudishwa kwangu kukaa eda. Na mama mkwe wangu, mwanamke aliyetoka kumzika mwanawe, akafunga nguo zake kwenye kanga, akachukua mkeka wake na kuja Kibaha kukaa nami mpaka nitoke.

Mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana tu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, starehe. Miaka yote hatukuwahi kugombana wala kucheka pamoja. Ni mwembamba, mrefu, anaongea kidogo na kwa sauti ya chini, akimaliza kusema anabaki anakutazama kama anakupa nafasi ya kubadili mawazo. Sasa tukawa wawili ndani ya nyumba moja, na kati yetu kiti cha mtu ambaye kila mmoja alimpoteza kwa namna yake. Yeye hakulitamka neno marehemu hata mara moja. Alisema "mwanangu", kama vile yuko chumba cha pili.

Nilishona ndani, wateja wakapitishia nguo dirishani. Sikujipaka hina wala manukato, sikuvuka uzio wa nyumba. Asubuhi, kabla mama hajaamka, nilikuwa nachukua kopo nalimwagilia lile ua, kwa sababu ndiyo saa ambayo mume wangu alilimwagilia kabla ya kwenda kazini. Nilichoma kidole kwenye udongo? Hapana. Sikutazama kitu. Nilikuwa namwaga maji na kulia, na kulia kukiisha na maji yameisha.

Likaanza kulegea. Majirani waliokuja kunitazama wakatikisa vichwa, wakasema ua linamlilia mwenyewe. Mmoja akasema mimea inajua. Mama mkwe akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Na lenyewe limefiwa." Nami nikakubali, tena nilifurahi ndani ya huzuni yangu kwamba ndani ya nyumba ile kuna kitu kingine kinacholia. Nikaliongezea maji. Majani ya chini yakawa manjano, yakaja vidudu vidogo vinavyoruka ukisogeza mkono, na sebule ikawa na harufu ambayo niliidhania ni ya nyumba iliyofungwa madirisha.

Eda ilikuwa inaelekea mwisho. Mchana mmoja nilisahau miwani yangu sebuleni, nikakatisha kuifuata kabla ya kuswali. Nikamkuta mama mkwe amechuchumaa kwenye kona, na kopo langu mkononi.

"Mama, unamwagilia?"

"Kila siku, mwanangu. Ukiingia kuswali adhuhuri ndipo nalipa maji. Niliona wewe umelisahau kwa majonzi, sikutaka kukusema."

"Mimi namwagilia kila asubuhi, mama. Kabla hujaamka."

Akaweka kopo chini. Akanyanyua chungu ubavuni kidogo, na sahani iliyokuwa chini yake, ambayo yeye mwenyewe aliiweka ili maji yasichafue sakafu yangu, ilikuwa imejaa maji meusi mpaka juu. Lile tundu alilolitoboa mwanawe kwa mkono wake tulikuwa tumeliziba kwa maji. Akakaa sakafuni pale pale.

"Basi tumelizamisha," akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona analia kwa sauti. Na mimi nikakasirika, Mungu anisamehe, si juu yake, nilikasirikia heshima yetu sisi wawili, heshima iliyomfanya kila mmoja awe anaamka na kujificha na kopo asimwudhi mwenzake. Tungekuwa tunagombana kama watu wengine, ua lingekuwa zima.

Hatukungoja. Tulilitoa uani. Nilikigonga chungu kwa kiganja kama nilivyokuwa namwona anafanya, likatoka kwa urahisi mno, na harufu ikatupiga. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ukiivuta ganda linabaki vidoleni. Kulikuwa na mashina mengi yaliyobanana, yamezaana miaka yote ile, na moja baada ya jingine lilikuwa limeoza chini. Nikaingia ndani nikachukua mkasi wangu wa kitambaa. Fundi yeyote anajua, mkasi ule haukati hata karatasi. Mume wangu aliwahi kuukatia utepe wa bomba nikamnunia siku nzima. Nikakata nao mizizi iliyooza, yote, mpaka nikakuta nyeupe na ngumu. Mama mkwe alishika beseni, akawa anasuuza na kunipa, anasuuza na kunipa.

Lilibaki shina moja. Shina moja jembamba, majani machache na mizizi mifupi. Nilikuwa nimetumaini yatabaki mawili.

Chungu cha mume wangu kilikuwa kikubwa mno kwa kitu kile. Nilikumbuka maneno yake juu ya udongo usio na mizizi, nikachukua kichungu changu cha kupikia mboga, nikakitoboa kwa msumari, nikakijaza udongo mweusi uliotoka nyuma ya choo, mchanga, na makumbi ya nazi tuliyokuwa tumeyaweka ya kuwashia moto. Nikalisimamisha shina, nikashindilia kwa vidole. Likalala upande. Nikalifungia kijiti kwa kipande cha kitambaa. Chungu kikubwa nilikiosha nikakiweka kichwa chini karibu na mlango wa jikoni, na nilipopita pale nilikuwa naliona lile tundu linanitazama.

Siku ya kutolewa eda wakaja watu wa kwao. Nilioshwa, nikavishwa kanga mpya, ikasomwa dua, ukaliwa wali. Shemeji yangu mkubwa, mtu mwema, akaniambia, "Sasa uko huru, shemeji." Nilitaka kumrushia sahani. Huru na nani? Nilimtazama mama mkwe akikunja mkeka wake, nikaelewa vizuri kilichokuwa kinatokea. Hakuna mtoto wa kumwita bibi. Hakuna wa kumpeleka likizo Kisarawe, wa kumpigia simu kuulizia homa. Akishapanda gari, mimi na yeye ni watu waliowahi kufahamiana. Nitamwona kwenye misiba, nitamwamkia, ataitikia, basi.

Nikaingia ndani, nikatoka na kile kichungu cha mboga.

"Mama, nenda nalo."

"Ua la mumeo? Sichukui. Wewe utabaki na nini?"

"Hapa nitalizamisha tena. Nenda nalo, mimi nitakuwa nakuja kulitazama."

Akaniangalia kwa ile namna yake ya kukupa nafasi ubadili mawazo. Sikubadili. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipakata mapajani ndani ya gari, na gari likaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyopata sababu ya kwenda Kisarawe. Kila nilipopata nafasi nilikuwa nachukua bodaboda, tunapita njia ya Kiluvya, mpaka kwenye vile vilima ambako hewa ni ya ubaridi kidogo kuliko kwetu. Nafika namkuta mlangoni. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, ua lako hilo, halijambo. Tunalitazama kwanza, ndipo tunakaa. Halafu tunachambua kisamvu, ananisimulia jinsi mwanawe alivyokuwa akiwabomolea redio na kuziunda upya, mimi namsimulia alivyokuwa akiongea usingizini. Halafu tunakwenda kaburini, pale nyuma kwenye mikorosho, tunasimama. Nikiondoka ananifungia mihogo. Siku nyingine tulicheka. Kwa miaka yote ile mwanawe akiwa hai hatukucheka, na sasa tulikuwa tunacheka juu yake, na kila tulipomaliza kucheka kila mmoja alitazama pembeni.

Ua lenyewe lilikuwa halina raha. Halikufa wala halikukua. Lilitoa jani, likapoteza jani. Mama alikuwa amekwishaogopa maji, analipa kwa kijiko, kisha ananiuliza kama amezidisha.

Vuli moja nilifika sikuliona.

"Nimelipeleka kwa jirani," akasema haraka. "Kwake kuna kivuli kizuri. Litarudi."

Tulichambua kisamvu. Siku hiyo aliongea zaidi ya kawaida yake, akaniuliza kama nitakuja tena mwezi ujao, akaniuliza tena nilipokuwa nafunga kilemba kuondoka. Nikamwambia nitakuja. Nikadhani uzee.

Mwezi uliofuata nilipofika ua lilikuwa limerudi barazani, ndani ya kile kichungu changu cha mboga, limenenepa, majani yanang'aa, na maua mawili meupe yamesimama. Nilipiga vigelegele mwenyewe, mtu mzima.

"Mama, umelifanya nini?"

"Hewa ya Kisarawe," akasema, akaingia ndani kuchukua mkeka.

Niliona wivu kidogo, siwezi kuficha. Kwangu lilizama, kwake linachanua. Lakini nilirudi nyumbani na furaha, nikawaambia wateja wangu ua la mume wangu limepona, nikakitazama chungu kikubwa kilichopinduliwa pale jikoni, nikakiambia nacho.

Masika yakaja, yakaanza kupungua. Nilipokwenda tena niliona ua limeanza kulegea mara kwa mara. Nilimwagia maji, yakapita moja kwa moja na kutoka chini kama nimeyamwaga kwenye chujio. Sikuhitaji kumwuliza mtu. Viatu vilikuwa vimembana. Safari iliyofuata nikabeba chungu cha mume wangu, nimekifunga kwenye kanga, nikakipakata nyuma ya bodaboda njia nzima, na dereva akaniuliza kama nabeba mtoto. Nikamwambia endesha.

Nilidhani mama mkwe atafurahi. Alipokiona kile chungu alikitambua, akapitisha kidole kwenye tundu. Halafu uso wake ukabadilika.

"Unataka kulihamisha?"

"Limebanwa, mama. Ndio wakati wake. Linarudi kwenye chungu chake."

"Liache, mwanangu. Lisisumbuliwe. Limezoea hapo."

"Litakufa likiachwa."

"Basi tungoje mwezi ujao. Leo umechoka. Kaa kwanza, ule."

Nikala. Nikamaliza nikatandika gunia barazani, nikachanganya udongo mweusi wa chini ya mikorosho na mchanga na makumbi. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono ameibana katikati ya magoti. Nilifikiri anaogopa kuona mizizi iliyooza kama siku ile, na mimi nikawa namtania ili aondokane na hofu, namwambia safari hii hakuna kuzama, safari hii tumefundishika.

Nikaligeuza. Nikagonga kwa kiganja. Likatoka.

Lilitoka na mfuko. Kiriba cheusi cha nailoni, kile ambacho wauza miche wanaoteshea, kimebana udongo wote kuzunguka mpaka juu, na mizizi imejizungusha ndani yake mara nyingi, mingine imetoboa chini. Mtu alikuwa amechukua mche kama ulivyouzwa, na kiriba chake, akautumbukiza kwenye kichungu changu na kufunika juu kwa udongo kidogo.

Lile la mume wangu nililipanda mimi mwenyewe. Nilisuuziwa mizizi yake na huyu huyu aliyekaa kwenye kigoda. Halikuwa na kiriba.

Nilibaki nimelishika. Nilisikia kuku wanachakura nyuma ya nyumba. Sikuthubutu kugeuka kumtazama, kwa sababu nilijua nikimtazama nitalia, na sikujua kama nitakuwa nalia kwa hasira au kwa nini.

"Lilikufa," akasema nyuma yangu. "Vuli ile. Nililipa maji kidogo, likafa. Nikaliongezea, likafa zaidi. Nililifukia kule nyuma, miguuni kwa mwanangu. Nikachuma jani moja lililobaki, nikazunguka nalo kwa wauza miche, namwonyesha kila mtu, nataka kama hili, nataka kama hili hili. Wakanicheka, bibi kizee na jani. Nikalipata."

Nikalilaza ua juu ya gunia.

"Nilisema nikikwambia limekufa, mwanangu, utakuja kufanya nini huku?"

Akaliuliza hilo taratibu, kisha akabaki ananitazama, ananipa nafasi.

Nilichukua mkasi wangu, maana siku hizi unatembea nami kwa kazi zote, nikakata kiriba kutoka juu mpaka chini, taratibu, nisikate mizizi. Nikakivua. Nikailegeza mizizi kwa vidole kama mume wangu alivyokuwa akiilegeza. Nikaweka udongo chini ya chungu chake, nikaliingiza ua hili geni, nikapima lisizame, nikajaza pembeni.

"Mama, njoo ushindilie," nikasema. "Kwa vidole, si kwa ngumi."

Akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti upande wa pili. Tukashindilia wote wawili, vidole vyetu vinakutana kwenye udongo, na hapo ndipo nilipolia, naye akalia, machozi yanadondoka humo humo, wala hakuna aliyejificha. Nikamwagia maji mpaka yakatoka kwenye lile tundu. Tukalisukuma kivulini. Jioni ile majani yote yakainama mpaka kwenye kingo.

"Umeona?" akasema kwa woga. "Umeona?"

"Likihamishwa ndivyo linavyofanya, mama. Siku chache linalegea. Nitalala hapa mpaka lisimame."

"Na kazi zako?"

"Nguo hazikimbii."

Asubuhi ya pili niliamka mapema kuliko yeye, nikatoka barazani. Ua lilikuwa limesimama. Majani yote juu, maua yake meupe yamenyooka. Nikasikia mlango nyuma yangu, mama mkwe akatoka akijifunga kanga, akasimama kando yangu. Tukalitazama. Aliliona kama nilivyoliona mimi.

Kisha akasema, "Naona bado halijasimama sawasawa."

"Bado, mama," nikamwambia, nikaenda kuwasha moto wa chai.